Mjukuu wa Manamba ni wa Nchi Gani?

Pale Mombo, njia ya Lushoto iachanapo na barabara kuu, mkonge waonekana bondeni. Zamani za Waingereza manamba wengi walifika mkoani Tanga kutoka Urundi, Ruanda na Msumbiji, wakaukata mkonge ambao Wasambaa na Wazigua, wenye mashamba yao, hawakutamani kuukata kwa ujira ule. Kwa migongo ya hao Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Leo mjukuu wao aombapo kitambulisho aweza kuulizwa babu alizaliwa wapi, na akijibu kweli hutiliwa shaka. (Aliyebadili jina la babu ndiye apitaye upesi!)

Swali hilo halitoki katika sheria. Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 5, yamhesabu raia kila azaliwaye katika Jamhuri ya Muungano, ila watoto wa mabalozi wa kigeni na wa maadui wakati wa vita. Desturi ya ofisini ndiyo iliyoongeza sharti la wazazi na babu.

Husemwa, "Moyo wake uko Burundi." Nani ameupima? Oktoba 1961, wabunge fulani walipotaka uraia uwe wa Waafrika tu, Nyerere aliwakatalia kwa ukali, hata akasema serikali yake ingejiuzulu. Alitaka utii kwa nchi, si rangi. Kwa hoja hiyo Mhindi mwenye duka alifunguliwa mlango. Mrundi ambaye baba yake amezikwa Mombo hufungiwa kwa hoja gani?