Nyumba ya Maskini Nayo Ina Sheria



Kuna neno linalosemwa sana katika Lubumbashi, hata na Wakristo wanaotoka Misani: “Waliobomolewa nyumba hawakuwa na karatasi. Basi, wanalia nini?” Neno hilo ni baya, na wengi hulisema bila kulipima. Leo tulipime.

Tukumbuke mambo ya Kawama. Kawama ni kijiji karibu na mji wetu, jirani na mgodi wa Luiswishi. Wakati ule mgodi ulikuwa wa CMSK, shirika la Gécamines pamoja na kampuni ya EGMF. Tarehe 24 na 25 Novemba 2009, polisi walifika kuwafukuza wachimbaji waliosemekana kuiba madini. Walibomoa nyumba kwa buldoza za EGMF. Kampuni ilijitetea, ikisema zilizobomolewa ni nyumba za muda za wachimbaji tu. Lakini Amnesty International walichunguza picha zilizopigwa kutoka angani, na katika taarifa yao ya mwaka 2014 wakahesabu majengo 387 yaliyobomolewa. Humo walikaa akina mama, wazee na watoto. Taarifa hiyo yasema pia kwamba mwendesha mashtaka mmoja alitaka kuwashtaki wahusika, akaamriwa na wakubwa asifanye hivyo.

Wengine husema: “Kulikuwa na wezi.” Haya, tuseme walikuwapo. Mwizi hukamatwa, hupelekwa mbele ya hakimu, huhukumiwa yeye kwa jina lake. Tangu lini jirani wa mwizi huvunjiwa nyumba?

Wengine husema: “Ardhi ni ya Serikali.” Ni kweli, sheria ya ardhi ya mwaka 1973 yasema hivyo. Lakini udongo ni kitu kimoja, na matofali yaliyofyatuliwa kwa jasho ni kitu kingine. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mali anayoinunua mfanyakazi kwa akiba yake ni mshahara wake uliogeuka sura tu. Basi anayebomoa nyumba ya mfanyakazi bila kulipa, amemnyang’anya mshahara wa miaka. Na kumdhulumu mfanyakazi mshahara wake ni mojawapo ya dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Je, hatukujifunza hivyo katika Katekisimu?

Tena, Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, yaita mali ya mtu kitu kitakatifu. Yalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Sikieni vema: au kwa desturi! Mtu asinyang’anywe mali yake ila kwa faida ya wote, tena akiisha kulipwa fidia ya haki. Fidia kwanza, kubomoa baadaye. Na sheria ya tarehe 22 Februari 1977 imeweka njia yenyewe: wenye mali wapewe habari, bei ijadiliwe, na wasipopatana waende mbele ya tribinali. Mashine inayofika kabla ya haya yote imekuja nje ya sheria, hata ikisindikizwa na polisi mia.

Kuna na wale wanaotuletea Mtume Paulo: “Tiini wenye mamlaka.” Ndiyo, tunatii. Lakini mwenye mamlaka naye yuko chini ya sheria, na juu ya sheria yuko Mungu. Someni Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Akabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Yezabeli akatafuta mashahidi wa uongo, Nabothi akauawa, shamba likachukuliwa. Mungu hakusema, “Mfalme atiiwe.” Alimtuma nabii Eliya amkemee mfalme palepale shambani. Tazameni jambo hili: hata Yezabeli, mwanamke mwovu yule, aliona haya akaitisha baraza kwanza. Kawama halikuitishwa baraza lolote.

Lakini nasi tusijifiche nyuma ya Nabothi. Wako Wakristo wanaouza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Wako wanaojenga juu ya mfereji wa maji wakijua ni kosa, kisha hulia mvua ikija. Wako wanaonunua kwa kupeana mkono tu, bila hata shahidi. Kwa sheria yetu, haki juu ya kiwanja huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Ndugu, fuata cheti hicho mapema, nyumba ingali imesimama. Ukipata barua ya kubomolewa, usiifiche chini ya godoro. Ipeleke kwa avoka, ipeleke kwa Haki na Amani parokiani, nenda tribinali. Kudai haki mbele ya hakimu si ukaidi.

Na wewe ndugu unayetia sahihi ofisini, ambaye Jumapili unakaa benchi moja nasi: kabla kalamu haijagusa karatasi, uliza, “Hakimu amesema nini? Fidia imelipwa?” Kama hakuna jibu, usitie sahihi. Siku ya hukumu hutaulizwa kama wakubwa wako walifurahi. Utaulizwa watu wale walilala wapi usiku ule.