Samaki wa Thwake Anaanzia Mtaroni Kwetu

Bwawa kubwa likianza kujengwa katika sehemu kame za nchi hii, watu huanza kuvua samaki kwa mdomo kabla maji hayajafika magotini. Tutaleta vifaranga, wanasema. Vijana watapewa boti na nyavu. Wageni watakuja na ndoana zao za bei ghali, walale hotelini, wapige picha na kambale wa kilo kumi. Maneno haya nimeyasikia kuhusu bwawa la Thwake, kule Ukambani, tangu ujenzi ulipoanza mwaka 2018. Na kila nikiyasikia huwa nauliza swali moja ambalo halipendwi: huyo samaki ataishi wapi?

Nauliza nikiwa Eastleigh, Isili yetu hii ya maduka na matatu, ambapo mtu akitaja samaki wengine wanakucheka. "Sisi ni watu wa ngamia, bana," jirani yangu huniambia. Sawa, kila mtu na kitoweo chake. Lakini wacha nikuonyeshe njia ambayo maji yetu hupita, halafu uniambie kama jambo hili halituhusu.

Upande wa juu wa Isili, ng'ambo ya Juja Road, kuna Mto Mathare. Upande wa chini, ukishapita Gikomba, kuna Mto Nairobi. Kila kinachotoka kwenye vyoo, majiko, gereji na machinjio yetu bila kufika mahali pa kusafishwa huishia katika mmoja wa mito hiyo miwili. Mito hiyo hukutana mashariki mwa jiji, hupita karibu na jaa la Dandora, huteremka Ruai, kisha huingia Mto Athi. Athi nao huporomoka Fourteen Falls, karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako mara nyingi povu jeupe limetanda juu ya maji kama sabuni ya dobi. Kutoka hapo unakata nyika ya Ukambani hadi unapokutana na Mto Thwake. Na hapo ndipo lilipowekwa hilo bwawa la kubeba karibu mita za ujazo milioni 680.

Kwa hiyo tukisema "samaki wa Thwake", tunasema samaki atakayeoga, kula na kuzaa katika maji yaliyopita kwetu kwanza. Mjomba wangu anaishi Makueni, si mbali na hilo bwawa. Yeye huniuliza kwenye simu bila kuzunguka: "Sasa nyinyi wa Nairobi, hiyo maji mnatutumia iko sawa?" Mkaguzi Mkuu wa Serikali naye amewahi kuonya katika ripoti yake kwamba uchafu wa Athi unaweza kuyafanya maji ya Thwake yasifae kwa watu yaliyokusudiwa. Mjomba hajasoma ripoti hiyo. Ana pua, na pua imetosha.

Wapo watakaosema nakuza mambo, kwamba mto ni mrefu na maji hujisafisha njiani. Ni kweli mto una uwezo wa kujisafisha. Maji yakipita juu ya mawe huchukua hewa, wadudu wadogo hula uchafu, na matete huchuja. Bwawa lakini si mto. Maji yakifika bwawani husimama. Tope hutua chini pamoja na kila kilichoshikamana nalo, kuanzia metali nzito hadi mafuta na kemikali. Mbolea ya vyoo hubaki juani, na kwenye nyika jua halina huruma. Mwani huota, maji huwa kijani, gugumaji hupata karamu. Mwani ukifa huoza, na kuoza huko hutumia hewa iliyo ndani ya maji. Siku moja asubuhi unakuta samaki wamegeuka matumbo juu, halafu mtu anasimama ukingoni akisema ni mapenzi ya Mungu.

Tuna mfano hapa hapa jijini, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha. Bwawa la Nairobi, lile la karibu na Kibera, lilikamilika mwaka 1953 likiwa akiba ya maji ya jiji. Baadaye watu walisafiri humo kwa mashua za tanga na kuvua samaki. Leo ukienda huko utadhani ni shamba. Maji taka na takataka viliingia, gugumaji likafunika, na maji yakatoweka chini ya majani. Bwawa lile halikukosa vifaranga. Lilikosa maji ambayo samaki anaweza kupumua. Mto unaolipitia, Ngong, nao humwaga katika Mto Nairobi, kwa hiyo huo ni mtandao ule ule unaoelekea Thwake. Tukiliua bwawa la kwanza kwa uchafu, halafu tukajenga la pili chini yake bila kuugusa uchafu wenyewe, tunategemea nini?

Tatizo ni kwamba nchi hii inapenda kuhesabu samaki wanaoingia majini na haihesabu wanaobaki. Kifaranga ni rahisi kupigwa picha. Mheshimiwa anainama, anamimina ndoo, kamera zinalia, watu wanapiga makofi. Mwaka 2009, chini ya mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, yalichimbwa mabwawa madogo ya samaki 200 katika kila eneo bunge, kwenye maeneo bunge 140. Wazo lilikuwa zuri na wapo wakulima waliofaidika. Lakini mengi yalikauka au yakaachwa kwa sababu maji hayakuwepo, chakula cha samaki kilikuwa ghali, au hakuna aliyerudi kuuliza. Kuweka samaki ndani ya maji ni kazi ya asubuhi moja. Kuwafanya wakae na kuzaa ni kazi ya miaka.

Samaki anahitaji nini hasa? Mchukue ngege, anayependwa na wengi wetu. Dume huchimba kiota kama sahani kwenye kina kifupi karibu na ukingo, ambapo jua linafika. Jike hutaga mayai pale, kisha huyachukua mdomoni na kuyabeba hadi watoto waweze kuogelea. Watoto hao nao hukaa kwenye maji ya kina kifupi, kati ya majani na matawi yaliyozama, la sivyo wanaliwa. Sasa fikiria bwawa la umeme na maji ya bomba. Leo limejaa. Mwezi ujao maji yamefunguliwa, ukingo umerudi nyuma, viota vimeachwa juani vikikauka. Kingo zenyewe ni udongo mtupu, kwa sababu hakuna mmea unaozoea kuzama na kukauka kila baada ya miezi michache. Bwawa la nyikani linaweza kuwa na maji mengi ajabu, na bado kwa samaki likawa jangwa vile vile.

Hili wenzetu walishaliona. Huko Marekani, mpakani mwa Arizona na California, kuna Lake Havasu, ziwa lililotokea jangwani baada ya Mto Colorado kuzibwa na Parker Dam mwaka 1938. Watu wa huko wanapenda sana kumvua kwa ndoana samaki mmoja mwenye mdomo mpana anayeitwa besi. Miaka ya mwanzo uvuvi ulikuwa mzuri, kwa kuwa vichaka vilivyozama vilikuwa nyumba ya samaki. Vichaka vikaoza, nyumba zikaisha, na samaki wakapungua. Miaka ya 1990 wavuvi na serikali wakaanza kuzamisha vifurushi vya matawi na vibanda vya mabomba ya plastiki, ghuba baada ya ghuba, wengi wakifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Uvuvi ukarudi. Nawapigia saluti. Ila wao walikuwa wanajenga nyumba katika maji ambayo tayari samaki anaweza kupumua. Sisi tukizamisha matawi Thwake huku Mto Nairobi uko vile ulivyo, tutakuwa tumepanga viti vizuri ndani ya nyumba inayoungua.

Huyo besi hata sisi tunamjua. Wazungu walimleta Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, wapate mchezo wa kuvua. Hakuna aliyeliuliza ziwa linataka nini. Naivasha ilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Baadaye wakaletwa kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, mwaka 1970, nao wakatafuna mimea ya majini. Miongo mitatu baadaye akaingia samaki aina ya kapu, anayechimba tope na kuvuruga maji, akatawala nyavu za wavuvi. Kila kizazi kilimwaga kiumbe chake na kuliachia ziwa lihangaike. Sisemi samaki wa kigeni ni dhambi, maana leo watu wa Naivasha wanakula kwa sababu yao. Nasema tabia ni ile ile ya karne nzima: tunaleta samaki kwanza, kisha tunashangaa ziwa limekuwa lingine.

Turudi Isili, maana huku ndiko mchezo unakochezwa. Mtaa wetu ulipimwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa nyumba za chini zenye ua na familia chache. Leo mahali palipokuwa na familia moja pana jengo la ghorofa kumi, duka chini, ofisi katikati, watu juu, na choo kila sakafu. Mvua ikinyesha, First Avenue na Second Avenue unajua zinavyokuwa. Watu wanavaa gamboti kwenda kununua nguo mpya. Maji yale meusi hayatokani na mvua peke yake. Na yakishuka tunafurahi, tunafagia mbele ya duka, tunasema Alhamdulillahi yameenda. Yameenda wapi? Yameenda kwa mjomba wangu.

Najua jibu rahisi linalotolewa kila mara. Eti wachafuzi ni maskini wa kando ya mto. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, nyumba za Mathare zilibomolewa kwa sababu zilikuwa karibu na mto. Watu walitoka na magodoro vichwani. Sitetei kujenga juu ya mto, mto una haki ya kupita. Lakini nauliza: tingatinga lilimpata yule mwenye nyumba ya ghorofa aliyeelekeza bomba lake la choo kwenye mtaro wa mvua usiku? Lilikipata kiwanda kinachosubiri mvua ndipo kifungue rangi zake? Mama mwenye chumba kimoja cha mabati anatoa ndoo. Jengo la biashara linatoa tangi. Ukimhamisha mwenye ndoo na kumwacha mwenye tangi, mto hautajua kwamba kuna kilichofanyika.

Usafi wa mto huu si ndoto. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira alisukuma kazi hiyo hadi watu wakaona tofauti katikati ya jiji, na bustani pale kandokando ya mto ina jina lake. Alipoondoka, mto ukarudi ulikotoka, kwa sababu kazi ilimtegemea mtu mmoja mkali. Mito haitaki mtu mkali. Inataka bomba lenye upana wa kutosha, fundi anayelipwa, na sheria inayobisha hodi hata kwenye mlango wa tajiri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kabla ya shilingi moja kutumika kwa vifaranga vya Thwake, kwanza mabomba ya maji taka ya Eastleigh, Mathare, Huruma na Dandora yapanuliwe hadi mtambo wa Ruai, na mtambo wenyewe uweze kubeba kinachofika. Majengo yaliyounganisha vyoo na mitaro ya mvua yatajwe hadharani na wenyewe walipe. Kule bwawani, visikatwe vichaka vyote katika mikono ya kina kifupi, maana ndiyo itakayokuwa kitalu cha samaki, na kingo ziachiwe majani ili udongo wa mashamba usitiririke ndani. Wanaofungua maji wapangiwe ratiba isiyokausha viota msimu wa kuzaa. Samaki wa kwanza wawe wa Athi wenyewe, wanaoujua huo mto kuliko sisi. Vifaranga, kamera na ndoo vije mwisho, kama bado vitahitajika. Maji yakiwa sawa na nyumba zikiwepo, samaki hawahitaji hotuba. Watazaana.

Na kwetu hapa, tuache kusema hili ni jambo la Wakamba na wavuvi. Umeme unaowasha maduka yetu unatokana kwa sehemu na mabwawa ya nyika. Mboga tunazonunua, nyingine zimenyweshwa maji ya mto huu huu upande wa chini. Athi ikitoka Ukambani inakuwa Galana, kisha Sabaki, na inaingia baharini karibu na Malindi. Ukimwaga hapa, kuna mtoto anachota mbele. Anayeishi juu ya mto ana nguvu ambayo hakuipigia kura, na ambayo wa chini hawezi kumnyang'anya. Anaweza kumwomba tu.

Mjomba hajaniomba chochote bado. Ananiuliza tu kama maji yako sawa. Wakati mwingine namjibu kwamba serikali inashughulikia, na yeye hucheka, anakohoa, anabadilisha mada, ananiuliza bei ya sukari huko Isili.