Priseti Zako Si Siri ya Serikali

Kuna prodyuza wa Nairobi analinda priseti zake kama PIN ya M-Pesa. Kompresa ameiseti vipi, rivabu ni ya sekunde ngapi, ukichungulia skrini anaigeuza. Lakini rekodi zenyewe, sauti mbichi za watu waliolipa kuja studio, ziko kwa laptopu moja, kwa folda inayoitwa "final final 3". Hazina nakala popote.

Mimi nasema tumepindua mambo. Tunafungia kufuli kisichoibika, na kinachopotea milele tunakiacha mlangoni.

Chukua hiyo kompresa. Inabana sauti ikivuka kiwango fulani. Ukiiseti kwa msanii anayepiga mayowe, halafu niitumie kwa dada anayenong'ona, huenda isibane chochote. Namba ni zilezile, matokeo ni mengine. Kwa hivyo ukinipa priseti yako hujanipa masikio yako. Umenipa pa kuanzia tu, na kijana wa Kayole anayejifunza kwa laptopu ya kuomba ataacha kupapasa gizani.

"Lakini bro, hizo ndizo unga wangu." Hapana. Hakuna mteja anayepanda matatu kufuata rivabu ya sekunde mbili. Anafuata wewe.

Sasa tuongee kuhusu kinachopotea. Msanii mmoja ninayemjua alitafutwa na watu wa matangazo. Walitaka wimbo wake bila maneno. Prodyuza wake alikuwa ameibiwa laptopu, na kilichobaki ni MP3 kwa simu. Dili ikaenda hivyo. Hakuna aliyemuibia wimbo, ni vile tu hakuna aliyeuhifadhi.

Na kuhifadhi si kukopi ile faili ya projekti pekee. Kwa FL Studio, faili hiyo kwa kawaida haibebi rekodi ndani yake, inakumbuka tu zilikaa wapi. Ukiihamisha peke yake umebeba anwani ukaacha nyumba. Programu yenyewe inaweza kufunga projekti na sampuli zake pamoja kwa zip moja. Ableton Live pia ina amri ya kukusanya kila kitu. Ni kubonyeza tu.

Usiniambie nafasi hakuna. Dakika moja ya sauti ya mono, biti 24, 48 kHz, ni kama megabaiti 8.6. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 20 haufiki megabaiti 700. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba nyimbo 40.

Tarehe 1 Juni 2008, ghala la Universal huko California liliungua likiwa na rekodi asilia. Kama moto ulifika huko, nani alikudanganya kwamba laptopu yako ya Githurai iko salama? Weka nakala tatu, kwa vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya studio.

Hiyo ya nje mpe msanii. Na wewe msanii, usimalize kulipa kabla hujapewa stemu zako, kila sauti kwa faili yake ya WAV. Ukiambiwa ni siri ya studio, uliza siri gani, na sauti ni yako.