Utepe wa Rafadha Usiwe Pazia la Kufichia Ufa

Mwananchi wa kisiwani anapopanda ndege ndogo, iwe ni kutoka Kilindoni kwenda Dar es Salaam au kutoka Unguja kwenda Pemba, huangalia mambo mawili: hali ya mawingu na uso wa rubani. Ni wachache wanaoitazama rafadha, lile pangaboi lililoko puani mwa ndege. Lakini katika ndege yenye injini moja, roho za wote waliomo zinakitegemea chombo hicho. Kwa hiyo si jambo dogo, wala si la mafundi peke yao, kuuliza makali ya rafadha yanalindwa kwa kitu gani, na ni nani aliyekichagua.

Rafadha ya ndege aina ya Cessna Caravan, ambayo wakazi wa visiwa vyetu wanaifahamu vizuri, ina kipenyo cha takriban mita 2.7 na huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika. Ncha za mapanga yake hukata hewa kwa mwendo unaozidi kilomita 950 kwa saa. Kwa mwendo huo chembe ya mchanga hugeuka kuwa tupa, tone la mvua hugeuka kuwa nyundo, na kijiwe kidogo huacha pengo katika ukingo wa mbele wa panga. Wakati huo huo panga lenyewe linavutwa kutoka kitovuni kwa nguvu inayopimwa kwa tani. Nguvu hiyo hukusanyika penye pengo, na hapo ndipo ufa huanzia. Panga likikatika hewani, mtikisiko wake waweza kuing'oa injini mahali pake.

Huenda msomaji wa Mafia akasema kwamba mawe ni habari ya zamani, kwa kuwa kiwanja chake, kilichokuwa cha changarawe kwa miaka mingi, kimewekwa lami chini ya mkataba wa 2008 hadi 2013 baina ya nchi yetu na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Ni kweli, na tunaishukuru lami hiyo. Lakini ndege haina kiwanja kimoja. Inayotua Kilindoni adhuhuri yawezekana asubuhi ilikuwa katika viwanja vya udongo vya hifadhi za Nyerere au Saadani, nayo huja na majeraha ya huko. Chumvi ya bahari huipokea hapa na kuyala majeraha hayo.

Ndiyo maana wenye ndege wengi duniani hufikiria kubandika utepe wa kinga katika ukingo wa mbele wa rafadha. Fikra hiyo si mbaya. Tatizo ni namna ya kuuchagua, kwani yuko anayeuliza bei kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Swali la kwanza liwe hili: je, mtengenezaji wa rafadha ameuruhusu utepe huu juu ya rafadha hii? Rafadha hazifanani. Ya mbao kwa desturi huwa na bamba la shaba au la chuma katika ukingo wake, na ile ya nyuzi za kaboni aghalabu hutoka kiwandani ikiwa imevikwa nikeli. Ya alumini nayo hutegemea zaidi ukaguzi wa macho na tupa ya fundi. Utepe unaofaa kwa rafadha ya mbao ya ndege ya michezo si lazima ufae kwa rafadha ya alumini ya ndege inayobeba abiria kwa nauli. Pasipo idhini ya maandishi, utepe huo usibandikwe, hata kama ni wa bei ya juu namna gani.

Swali la pili ni la mali yenyewe. Utepe wa poliurithani hunyumbuka, kwa hiyo hupokea pigo la mchanga na la mvua bila kubonyea kama bamba jembamba la alumini. Ulio angavu hufaa zaidi kuliko wenye rangi, maana jicho la mkaguzi hupenya. Ukiwa mwembamba mno huchakaa upesi; ukiwa mnene mno huharibu umbo la panga na kuiibia ndege nguvu pale inapozihitaji zaidi, yaani wakati wa kuruka katika kiwanja kifupi chenye joto kali.

Swali la tatu ni la ubandikaji. Tepe za mapanga yote zilingane kwa urefu na kwa mahali, na ukibanduka mmoja zibadilishwe zote, kwa kuwa uzito usiolingana huleta mtikisiko. Uso wa panga usafishwe na kukaushwa kabisa kabla ya kubandika. Utepe ulioinuka pembeni huwa mfuko wa maji ya chumvi, na alumini iliyofunikwa maji ya chumvi huliwa na kutu kimya kimya. Hapo kinga hugeuka kuwa adui.

Hofu yetu kubwa iko hapo hasa. Tarehe 21 Agosti 1995, huko Georgia, Marekani, panga la rafadha ya ndege aina ya Embraer 120 iliyokuwa na watu 29 lilikatika hewani, ndege ikaanguka, na baadhi yao wakapoteza maisha. Ufa ulianzia katika vitundu vidogo vya kutu vilivyokuwa ndani ya panga, mahali ambapo jicho la kawaida halifiki. Ndege ile ilikuwa kubwa kuliko hizi tunazozizungumzia, na haikuwa habari ya utepe. Lakini funzo lake ni letu pia: kutu isiyoonekana haimsubiri mtu. Fundi anayebandika utepe juu ya pengo ambalo halijasawazishwa kwa tupa, ili tu ndege isichelewe, hajaziba ufa. Ameutundikia pazia.

Kwa wahusika tuna maombi machache. Wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga wasiridhike kuona utepe. Waombe karatasi ya idhini, na waangalie kama daftari la matengenezo linaonyesha siku uliyobandikwa na siku utakayobanduliwa ili panga likaguliwe. Wanaosimamia viwanja, iwe ni Bara, Zanzibar au ndani ya hifadhi, wakumbuke kwamba ufagio ni kinga ya kwanza ya rafadha. Kijiwe kilichoondolewa kiwanjani asubuhi hakihitaji utepe wowote, na ufagio haununuliwi kwa fedha za kigeni. Marubani nao waendelee na desturi njema ya kutoingurumisha injini kwa nguvu zote wakiwa wamesimama juu ya changarawe.

Neno la mwisho ni letu sisi abiria, nasi hatuna budi kulisema bila kuoneana haya. Mara nyingi rubani huonekana amesimama mbele ya ndege, akipitisha kidole taratibu katika makali ya rafadha, huku nyuma yake abiria wananung'unika. Mmoja ana mgonjwa anayesubiriwa hospitali, mwingine ana biashara, na mwingine ni mkubwa mwenye mkutano na hakuzoea kungoja. Haja zote hizo ni za kweli. Lakini kidole kile kinatafuta pengo ambalo hakuna utepe wala cheo kinachoweza kulifuta. Anayemharakisha rubani wakati huo anaharakisha jambo asilolitaka.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa angani hauachi hata nafasi ya kujenga ukuta. Utepe uchaguliwe kwa elimu, ubandikwe kwa idhini, ubanduliwe kwa wakati. Na dakika tano za rubani ziheshimiwe na wote, raia na viongozi.