Mrudishieni Mgonjwa wa Ini Yai Lake

Mzazi akishaambiwa ini limesinyaa, jikoni hutangazwa mwiko: nyama marufuku, mayai marufuku, maziwa marufuku. Anabakiziwa uji mweupe na papai. Shangazi akija husifu: "Mnamtunza, hamumpi vitu vizito." Mimi nasema mnamuua kwa njaa.

Mwiko huu haukuzuka vijiweni. Kwa miongo mingi madaktari wenyewe waliufundisha, wakiamini protini huzidisha amonia inayomchanganya mgonjwa akili. Mwaka 2004 matabibu wa Barcelona waliwalinganisha waliopunguziwa protini na waliolishwa kawaida: kupunguziwa hakukuwafaa kitu, ila miili yao ilizidi kujila. Misuli inayoyeyuka hivyo ndiyo hulisaidia ini bovu kuondoa hiyo amonia. Leo miongozo ya Ulaya inataka gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 72 kwa siku. Yai mnalomnyima lina kama 6 tu.

Mtazameni vizuri. Tumbo limejaa maji, wageni wanadhani amenenepa. Kumbe mashavu yamebonyea, mabega yamechongoka, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Ini lake haliweki tena akiba ya kutosha ya sukari. Akila saa kumi na mbili jioni, akakaa hivyo hadi saa tatu asubuhi, mwili unageukia misuli. Mpeni chochote kabla hajalala: uji wa maziwa, au mkate na yai.

Mtasema, "Akila maharage anaropoka." Akiropoka, mpelekeni hospitali, na njiani jiulizeni: alipata choo lini? Ana homa? Choo ni cheusi? Kukosa choo, maambukizi na kuvuja damu ndiyo mambo ya kutafuta kwanza. Na ile laktulosi mliyoiacha mkidhani inamharisha, kazi yake ni hiyo: apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku.

Cha ajabu, palipo na hatari ya kweli hakuna anayekemea. Dagaa wa chumvi na mchuzi wa viungo vya pakiti vinapita, ilhali chumvi ndiyo hujaza maji tumboni. Diklofenaki ya goti hununuliwa dukani bila swali, nayo huweza kumharibia figo.

Basi kliniki ijayo mwambieni daktari anachokula mzazi wenu, saa kwa saa, bila kuficha. Kama orodha hiyo ni uji na papai, aibu ni yetu sisi tunaopika.