Ndoa ya Watatu: Yeye, Wewe na Treni Zake

Wivu una sura nyingi, msomaji wangu. Kuna wivu wa simu inayolia saa tano usiku. Kuna wivu wa shemeji anayecheka kupita kiasi, wivu wa kazi, wivu wa mpira wa Jumamosi. Mwezi huu naomba tuzungumzie wivu ambao wengi wetu huku hatujakutana nao, ila wanandoa wa Uingereza, Ujerumani na Marekani wanaufahamu fika: wivu wa treni. Si treni ya kupanda ukasafiri. Nasema treni ambayo kichwa chake hakifiki urefu wa rula ya shuleni.

Usicheke kwanza. Watu wazima kabisa, wenye digrii zao na mikopo yao ya nyumba, hujenga mji mzima juu ya meza: stesheni, mto, kanisa, baa, kamba ya nguo zilizoanikwa, mzee na mkongojo wake akisubiri treni. Kila kitu hupunguzwa kwa kipimo kimoja. Ujerumani na Marekani kipimo kinachopendwa zaidi ni 1 kwa 87, yaani mwanaume wa futi sita anabaki na sentimita mbili na kidogo. Waingereza, kwa ubishi wao, walijichagulia 1 kwa 76, lakini treni hizo wanaziendesha kwenye reli zenye upana wa milimita 16.5, ambao ndio upana wa 1 kwa 87. Matokeo yake njia ni nyembamba kuliko inavyotakiwa. Wenyewe wanalijua hilo miaka na miaka, na wanaligombania mpaka leo. Wapo walioamua kujenga kila kitu upya kwa upana sahihi, milimita 18.83. Hiyo nukta themanini na tatu inatosha kukuambia unashughulika na watu wa aina gani.

Mfano maarufu ni Rod Stewart. Ndiyo, huyohuyo mwanamuziki wa nywele zilizosimama. Mwaka 2019 aliruhusu jarida la Kiingereza la Railway Modeller lionyeshe mji wake wa treni aliokuwa ameujenga juu ya nyumba yake Los Angeles: mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940, maghorofa, viwanda, madaraja na uchafu wake wote, futi 124 kwa 23. Ulimchukua miaka 23. Akiwa ziarani alikuwa anaomba chumba cha ziada hotelini ili aendelee kujenga majengo yake. Mtangazaji mmoja wa redio alipodokeza kwamba pengine amejengewa, Rod alipiga simu studio mwenyewe kusema kwamba karibu asilimia 90 ni kazi ya mikono yake. Umeme tu ndio alisaidiwa. Sasa dada unayesoma hapa, hebu fikiria umeolewa na nyota wa aina hiyo. Mashosti wote wanadhani unakosa usingizi kwa sababu ya mashabiki wa kike, kumbe mtu yuko chumba cha pili na chupa ya gundi!

Wengi wakisikia habari hii swali la kwanza ni pesa. Ni kweli, hobi hii si ya bei chee. Kichwa kimoja kipya cha treni Uingereza hupita pauni 150 bila taabu, na hakuna mtu anayenunua kimoja. Lakini nina rafiki niliyesoma naye chuo, sasa ameolewa huko na mwanaume wa treni, na katika maongezi yetu yote ya simu sijamsikia akilalamikia pesa. Alilalamikia mlango. Mume akitoka kazini anakula, anaosha vyombo (tumpe haki yake), halafu mlango wa chumba kile unafungwa mpaka saa nne usiku. Hakuna mwanamke mwingine ndani, hakuna pombe, hakuna la kumshitakia kwa wazee. Kuna mtu mwenye furaha upande mmoja wa mlango, na mtu mpweke upande wa pili. Utamlalamikia nani?

Jibu halikutoka kwa mshauri wa ndoa. Lilitoka kwenye klabu ya treni, siku mume alipoamua kwamba mji wake utakwenda kwenye maonyesho.

Ngoja nieleze. Mji wa treni wa nyumbani unaweza kuupigilia ukutani, ukaurefusha unavyotaka, usimhusu mtu. Wa maonyesho lazima utoke. Lazima upite mlangoni, ushuke ngazi, uingie kwenye gari, usafiri saa tatu barabarani, upangwe ukumbini kabla watu hawajafunguliwa milango, na Jumapili jioni ubomolewe tena. Kwa hiyo hujengwa kwa vipande, mbao nyepesi za kama mita moja na robo kwa sentimita sitini, kila kipande na miguu yake. Chini ya miguu huwekwa boliti za kurefusha na kufupisha, maana sakafu za kumbi hazijanyooka. Vipande hukutanishwa kwa pini za shaba zinazozama kwenye matundu yake, kisha hukazwa. Pale mpakani reli mbili zikipishana hata milimita moja, treni inaanguka mbele ya umati. Ndiyo maana fundi makini huzilehemu reli kwenye vichwa vya skrubu za shaba zilizofungwa ukingoni mwa ubao, halafu huzikata kwa msumeno mwembamba mbao zikiwa zimeshaungana. Kila mpaka una plagi ya nyaya nyingi, na kila waya una rangi na namba yake, la sivyo hitilafu ya Jumamosi asubuhi itatafutwa huku watoto wa watu wameshika tiketi.

Na huwezi kuuendesha peke yako. Mtazamaji anaona treni inapita stesheni na kupotelea kwenye handaki. Asichokiona ni kwamba nyuma ya ule ubao uliopakwa rangi ya anga kuna uwanja wa kupangia treni, na mtu amesimama pale kutwa nzima akipokea treni hii na kuitoa ile, kama mama lishe na sahani zake saa saba mchana. Anahitajika mwingine wa mbele, na wa tatu wa kuwapokea wenzake wakienda kunywa chai. Yule mwanaume wa mlango uliofungwa akajikuta anabisha hodi sebuleni: mke wangu, Jumamosi ya tarehe fulani una kazi?

Rafiki yangu akapewa uwanja wa nyuma. Siku hizi wengi huendesha kwa mfumo wa kidijitali, ambapo umeme na amri hupita pamoja kwenye reli. Kila kichwa kina chipu na namba yake, unakiita kwa namba kinakuja, vingine vinabaki vimetulia. Alijifunza kwa siku moja. Anasema kilichomshangaza si treni, ni kumsikia mumewe, mtu asiyeongea kwenye harusi za watu, akimweleza mtoto wa miaka sita namna taa za ishara zinavyofanya kazi, kwa dakika ishirini, bila kuchoka.

Mimi mwenyewe kilichoniteka katika kuchimba habari hizi ni namna wanavyozeesha vitu. Mtu ananunua behewa jipya linalong'aa, pesa nyingi, halafu analipaka kutu na masizi mpaka linafanana na lililofanya kazi miaka thelathini. Kokoto za reli humwagwa kwa kijiko, zikasawazishwa kwa brashi, kisha zikadondoshewa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo. Bila hilo tone, maji hayapenyi, yanakusanyika juu na kuzivuruga kokoto zote. Majani ni nyuzi fupi zinazosimamishwa kwa umeme tuli kabla gundi haijakauka. Huku kwetu nani hajui gari la waya lenye usukani mrefu na matairi ya kandambili? Tulikuwa mafundi wazuri sana, tukaacha tulipoota ndevu, tukaambiwa sasa ni mtu mzima, kaa baa.

Ila kujenga ndiyo sehemu tamu. Baada ya hapo ni matunzo, na matunzo hayaishi. Treni hupata umeme kwa magurudumu kugusa reli, kwa hiyo ukungu mwembamba tu wa uchafu juu ya reli unatosha kuisimamisha. Reli hupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya maonyesho, na mara nyingine katikati ya siku. Magurudumu nayo husafishwa. Nywele na nyuzi za zulia hujisokota kwenye ekseli, hutolewa kwa kibanio moja baada ya nyingine. Ukumbi ukipata joto reli hutanuka, ndiyo maana huachiwa nafasi ndogondogo. Kila safari inavunja kitu: mti, nguzo ya simu, mguu wa yule mzee mwenye mkongojo. Jumatatu inayofuata mtu anaketi na gundi yake anaanza kurudisha. Sijui kama wewe unamwona huyo ni mpuuzi. Mimi naona ni mtu ambaye angefaa kulea.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei 2019, katika mji wa Stamford, Uingereza, maonyesho ya klabu ya treni za mfano ya Market Deeping yalikuwa tayari kwenye ukumbi wa shule. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, kinasubiri asubuhi. Vijana wanne waliingia usiku wakavunja karibu kila kitu: vichwa, mabehewa, majengo, kazi za miaka mingi zikakanyagwa sakafuni. Mwaka huohuo walikiri kosa mahakamani. Wanaklabu, wengi wao wazee, walisimama mbele ya kamera wakashindwa kuongea. Klabu iliomba mchango wa pauni 500 tu. Zikaja zaidi ya 100,000 kutoka pande nyingi za dunia, na 10,000 kati ya hizo zilitoka kwa Rod Stewart.

Rafiki yangu anasema siku ile mumewe, ambaye hata si wa klabu hiyo, alikaa kwenye kochi na simu mkononi, hakula. Yeye, ambaye zamani angesema "si midoli tu hiyo", alikaa pembeni yake akanyamaza. Pesa ilirudi, na ilizidi. Lakini pesa hainunui zile saa nne usiku za miaka ishirini, na hilo alilielewa kwa sababu alishakuwa upande wa ndani wa mlango.

Na tusidanganyane kwamba mambo haya yameumbwa kwa wanaume. Ndugu pacha wa Hamburg, Frederik na Gerrit Braun, walikuwa wamiliki wa disko. Mwaka 2000 walipopata wazo la kujenga mji mkubwa wa treni za mfano, waliwauliza watu kupitia intaneti wavipange vivutio vya Hamburg, vya kweli na vya kubuni, na wazo lao wakaliingiza humo kimyakimya. Wanaume waliliweka nafasi ya tatu. Wanawake waliliweka mwisho kabisa. Mwingine angekata tamaa. Wao wakaufanya kuwa mji wa watu na visa vyao, si treni peke yake. Miniatur Wunderland ilifunguliwa Agosti 2001. Kila baada ya dakika 15 mchana unageuka usiku na maelfu ya taa yanawaka. Kuna uwanja wa ndege uliofunguliwa 2011, baada ya karibu miaka sita ya kuujenga, ambako ndege hukimbia na kupaa. Ukiinama vizuri utawaona hata wapenzi waliojificha kwenye shamba la alizeti. Familia nzima hujaa pale, akina mama wakiwa wa mbele kuinama.

Sasa wewe ambaye mwenzako ana chumba chake, kiwe cha treni, cha kamera au cha mashine ya kushonea: usipanguse vumbi humo bila kuambiwa. Usitaje bei mbele ya wageni wake. Usidai "mimi au hiyo", kwa sababu anaweza kukuchagua wewe, na utaishi na mtu aliyezimika. Omba kazi moja iliyo yako kweli, si ya kushika tochi. Na wewe mwenye chumba, kama huna kazi ya kumpa, basi weka angalau kiti cha pili, na mlango uuache wazi hata kama gundi inanuka.

Jambo moja zuri la maonyesho ni kwamba mialiko huja mapema, mara nyingi mwaka mzima kabla. Kalenda inajulikana, hivyo hakuna wa kusingizia dharura. Rafiki yangu amezungushia wikiendi nne za mwaka kwa kalamu nyekundu, ni za treni. Ya tano ameizungushia kwa bluu: wanakwenda baharini wawili tu, bila hata behewa moja. Buti la gari atalikagua mwenyewe.