Rangi Haisimamishi Gari

Imezuka katika miji yetu, nayo yazidi kila mwaka, ada ya watu wenye nafasi kuyatafuta magari ya zamani yaliyokuwa yakiozea nyuma ya nyumba, wakayafufua, kisha wakayatia njiani kwa safari za mbali. Ada yenyewe sina ugomvi nayo. Kukitunza kitu cha kale badala ya kukitupa ni jambo jema, na fundi mwenye subira ya kuifungua kabureta iliyoganda miaka thelathini astahili heshima kuliko wengi wanaobadili gari kila mwaka kwa fedha za mkopo. Ninalolipinga ni lingine. Gari hufufuliwa kwa ajili ya macho ya watu, likapelekwa njiani hali ya kuwa ndani yake ni maiti, na waliopakiwa humo ni watoto.

Mwaka 2023 niliona Peugeot 404 imesimama nje ya msikiti mmoja hapa Mombasa, ya ile aina ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo sisi wazee twaikumbuka ikibeba abiria wa mbali. Rangi ilimeta hata mtu angeweza kujinyoa mbele yake. Mwenyewe, kijana mpole mwenye adabu, akanambia, "Sheikh, kesho twaenda arusini Kisumu, watu saba." Nikainama nikatazama tairi. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yake ilisema 2308, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2008. Miaka kumi na mitano! Meno yalikuwa mazima, kwa kuwa gari halikuwa likitembea, lakini mpira huzeeka hata ukikaa. Hukauka, ukafanya nyufa, na siku ya jua la Taru na mzigo wa watu saba ukapasuka. Nikamuuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Akajibu kwamba yamo. Hilo la lini hakulijua, ingawa bei ya rangi aliijua mpaka shilingi ya mwisho.

Jambo hili la mafuta ya breki watu wengi walipuuza, basi na tulieleze. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, hata chombo kikiwa kimefungwa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapate joto la nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kipimo kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzi 140. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kazi kubwa ni ya injini, maana njia yapanda tangu Mazeras, ikapita Voi na Mtito Andei, hata ufike katika baridi ya bara. Breki hazijajaribiwa bado. Ukishapita Nairobi na kuuanza mteremko wa Mai Mahiu kuingia Bonde la Ufa, na dereva amekanyaga breki tu asirudi gia ya chini, joto hupanda, mafuta yakachemka, na palipokuwa na mafuta pakawa na mvuke. Mvuke hubonyea. Mguu huzama mpaka chini na gari lisijali. Tena magari mengi ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yana njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja wa breki ukitoboka, yote manne yamekwenda.

Wanijibu, "Magari ya zamani ni chuma kitupu, si makopo kama ya siku hizi." Neno hili nimelisikia barazani mara nyingi mno, na husemwa kwa fahari kubwa. Mwaka 2009 taasisi moja ya Marekani iliyowekwa na makampuni ya bima, Insurance Institute for Highway Safety, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, uso kwa uso upande wa dereva, kila moja kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Sanamu iliyowekwa mahali pa dereva katika Malibu ilionyesha jeraha dogo la mguu. Katika lile kubwa la chuma, chumba cha dereva kiliporomoka, na mtu aliye hai asingetoka. Bodi la kisasa limefanywa likunjike mbele ili lile pigo liishie hapo. Lisilojua kukunjika humpelekea pigo mwenye kukaa ndani.

Wengine wasema kutia mikanda ni kuiharibu asili ya gari. Asili ya nini? Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulitiwa katika magari ya Volvo mwaka 1959, kwa kazi ya mhandisi Nils Bohlin. Ni rika moja na magari haya mnayoyaenzi. Na anayetaka kila msumari ubaki kama ulivyotoka kiwandani, basi alifunike gari lake bandani, aliangalie Ijumaa kwa Ijumaa, asilipeleke Kisumu.

Na yuko anayeninyamazisha kwa kusema Mungu ndiye mlinzi. Ni kweli, na nani amekataa? Lakini yule bedui aliyeuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Tena msidhani hatari ni yenu peke yenu. Mama anayevuka njia Mariakani na ndoo kichwani hakuchagua mchezo huu, wala kijana wa bodaboda mbele yenu kule mteremkoni. Hao wana haki juu ya breki zenu.

Nawataka wenye magari haya, kabla hawajamlipa mpaka rangi, wamlipe fundi wa breki: mipira mipya, mafuta mapya yasiyopita miaka miwili, na tairi zilizosomwa tarakimu zake. Pakibaki fedha, ndipo wang'arishe bampa.